Kiatu cha mtandaoni kimefika na hakikutoshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo tunayokutana nayo kila wiki sisi tunaouza viatu kwa simu, kupitia Instagram, WhatsApp na TikTok. Mengi huulizwa kiatu kikiwa tayari mguuni na kisigino kikiwa kimebaki nje. Nimeanza na lile la dharura, halafu narudi nyuma kwenye yale ambayo ungeyauliza kabla ya kulipa, mzigo mwingine ungefika salama.

Kiatu kimefika leo, nimekijaribu, hakiingii. Nianze na nini?

Kivue na usikanyage nacho sakafu. Soli ikishapata vumbi, au ngozi ya mbele ikishapata mkunjo, muuzaji ana haki ya kusema kimevaliwa, na hapo umepoteza hoja yako nzuri kuliko zote. Kiweke juu ya boksi lake. Piga picha tatu: lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu, namba iliyo kwenye boksi, na soli. Kama soli ya ndani inatoka, itoe uilaze kando ya rula, upige picha ya nne.

Kisha mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Usingoje wikendi ipite. Andika kwa ufupi: niliagiza namba fulani, nimepokea namba fulani, hali ni hii, naomba tubadilishane. Lugha ya upole inafanya kazi, na si kwa sababu ya adabu peke yake: kwa maduka mengi ya simu, anayejibu meseji ndiye mwenye mali, na ndiye atakayeamua kama bodaboda arudi leo.

Nitajuaje kama kosa ni langu au la muuzaji?

Hili ndilo swali lenye uzito, maana majibu yote ya fedha yanategemea hapa. Rudi kwenye meseji zenu ulinganishe vitu vitatu: ulichoomba, kilichoandikwa kwenye kiatu, na urefu halisi wa ndani.

Uliomba 41 ukaletewa 39: hilo ni la muuzaji, na nauli ya kurudisha ni yake. Uliomba 41, kiatu kimeandikwa 41, lakini ndani ni sentimita 24: hilo nalo ni la muuzaji, hata kama hakukusudia, kwa sababu kilichomo hakilingani na alichokitangaza. Vilevile ikiwa mguu mmoja ni 41 na wa pili ni 40, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyodhani, hasa pale viatu vilivyowekwa kwenye maonyesho dukani vinaporudishiwa wenzake haraka haraka.

Uliomba 41, umepata 41 yenye urefu unaostahili, ila mguu wako ni mpana au ulikuwa hujaupima: hapo muuzaji ametimiza alichoahidi. Kubadilishiwa kutatokana na makubaliano yenu au na wema wake, na ni haki ugharamie usafiri wewe. Wateja wengi hawapendi kulisikia, lakini ukilijua mapema utazungumza na muuzaji kama mtu anayeomba, naye atakusikiliza tofauti.

Muuzaji ameandika "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Ndiyo basi?

Si basi. Maneno hayo yanaweza kumlinda kwa mteja aliyebadili mawazo. Hayampi ruhusa ya kukuletea kitu usichoagiza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo hayo. Kiatu cha mtandaoni huuzwa kwa maelezo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa hujakishika. Namba ni sehemu ya maelezo. Rangi pia.

Kenya ina nyongeza. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inagusa mikataba ya intaneti: muuzaji asipokueleza mambo anayotakiwa kukueleza kabla hujakubali, au asipokupa nafasi ya kusahihisha makosa kwenye oda yako, unaweza kuvunja mkataba ndani ya siku 7 tangu upokee nakala yake. Angalia vizuri: haki hiyo inatokana na muuzaji kukaa kimya au kukubana, haitokani na kiatu kubana.

Miaka yote navaa 42. Kwa nini hii 42 hainiingii?

Kwa sababu 42 haina kipimo kimoja duniani. Namba za Ulaya zinahesabu theluthi mbili za sentimita, yaani kila namba inaongeza karibu milimita 6.7, na kinachopimwa kwa kawaida ni kalibu ambalo kiatu kimeshonewa juu yake. Mguu wenyewe haupimwi. Kalibu huwa refu kuliko mguu kwa sentimita moja na nusu hivi ili vidole vipate nafasi. Kila kiwanda kina kalibu lake. Lenye pua iliyochongoka hula urefu mwingi mbele ambao vidole haviufikii, ndiyo maana moka iliyochongoka ya 42 inaweza kubana kuliko raba ya 41.

Namba za Uingereza zina hesabu nyingine, theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5 kwa kila namba. Hatua za mifumo hii miwili hazilingani, hivyo kila kampuni inapobadilisha kutoka mmoja kwenda mwingine inakadiria kwa namna yake. Raba ya Nike ya kiume iliyoandikwa 42 ina UK 7.5. Ya adidas iliyoandikwa 42 ina UK 8. Zote mbili zinasema US 8.5. adidas wameamua hata kuandika theluthi, kama 42 2/3, ambazo ukiziona kwenye lebo hazina kosa lolote.

Marekani wameongeza mtego mwingine: namba za kike na za kiume zinatofautiana kwa moja na nusu. US 8.5 ya kike ni sawa na US 7 ya kiume. Dada akisoma "8.5" kwenye raba ya kiume akaona ni namba yake, atapokea kiatu kilichozidi kwa zaidi ya sentimita moja. Ukiulizwa namba, taja mfumo na jinsia ya kiatu, au, bora zaidi, taja sentimita.

Viatu nilivyoagiza China vimekuja vidogo. Nimeibiwa?

Huenda hujaibiwa. Mfumo wa China unaanzia kwenye mguu, na kila namba inaongeza nusu sentimita tu. Hesabu yake ni rahisi: chukua urefu wa mguu kwa sentimita, zidisha kwa 2, toa 10. Mguu wa sentimita 24 unapata 38, na 38 ya Ulaya iko hapo hapo, kwa hiyo akina dada wenye miguu ya kawaida mara nyingi hawaoni tofauti. Mguu wa sentimita 27 unapata 44 kwa China, wakati kwa Ulaya mwenye mguu huo huvaa kama 43. Kadiri mguu unavyokuwa mrefu, pengo linapanuka. 45 ya China ni ya mguu wa sentimita 27.5, na mwanaume aliyezoea 45 ya Ulaya hawezi kuingia humo hata kwa mafuta.

Viwanda vinavyoshona kwa ajili ya soko la nje hutumia namba za Ulaya, na mzigo wa Kariakoo unaweza kuwa na aina zote mbili kwenye rafu moja. Cha kuaminika ni lebo. Ukiona 255 au 270, hizo ni milimita za mguu. Ikifuatiwa na 1.5, 2 au 2.5 kwenye mabano, hicho ni kipimo cha upana, na kikubwa ni kipana zaidi.

Kurudisha kiatu kimoja Guangzhou kwa kawaida hakulipi. Nauli inameza bei. Kwa mzigo wa kutoka huko pima mguu kwanza, au nunua kwa mtu aliyeshaufikisha nchini.

Nipime mguu vipi nyumbani, sina kifaa?

Karatasi, kalamu, rula na ukuta vinatosha.

Pima jioni. Mguu huvimba kidogo kutwa nzima, na zaidi siku za joto la pwani au ukishinda umesimama, hivyo kipimo cha asubuhi kinadanganya. Weka karatasi chini, kwenye sakafu ngumu, ubavu mmoja ukigusa ukuta. Simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, kwa sababu mguu uliokaa ni mfupi kuliko uliobeba mwili. Mwambie mtu akuwekee alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kalamu ikiwa wima. Kwa wengine kidole hicho ni cha pili, si gumba. Pima miguu yote miwili. Karibu kila mtu ana mmoja uliozidi, na kiatu kinanunuliwa kwa ule mkubwa. Halafu pima upana pale mguu ulipo mpana, kwenye vifundo vya vidole.

Andika vipimo hivyo kwenye simu yako, na uvitumie kwa kila muuzaji. Mama zetu walikwenda sokoni na uzi au kijiti kilichokatwa kwa urefu wa unyayo wa mtoto, na njia yao ilikuwa sahihi kuliko kukumbuka namba.

Muuzaji amesema kiatu ni "sentimita 26.5". Ni za mguu au za kiatu?

Muulize hivyo hivyo. Namba iliyo karibu na herufi CM au JP kwenye lebo ya raba inalenga mguu. Urefu anaoupata muuzaji kwa kuweka rula juu ya soli ya ndani ni wa kiatu, na lazima uzidi mguu. Kwa kiatu kilichofungwa mbele, tafuta nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 kati ya mguu na urefu wa ndani. Sandali zinahitaji pungufu ya hapo. Mwenye mguu wa 26.5 akinunua kiatu chenye soli ya ndani ya 26.5, kucha zake zitagonga mbele kila anaposhuka ngazi.

Urefu uko sawa ila kinabana pembeni. Kitaachia?

Kikiwa cha ngozi halisi, kitaachia kidogo kwa upana. Kwa urefu, hapana, usijidanganye. Reksini na plastiki haviachii chochote cha maana. Vitakuchubua mpaka vichanike. Fundi viatu mzuri anaweza kuvuta kiatu cha ngozi kwa kalibu la mbao, akakiacha usiku kucha au siku mbili. Ni kazi nafuu na inastahili kujaribiwa, ila baada ya hapo kiatu hakirudishiki, kwa hiyo maliza kwanza mazungumzo na muuzaji. Nyumbani, vaa soksi nzito utembee nacho mkekani nusu saa kila jioni. Usikilowanishe na usikianike juani: gundi ya soli ndiyo itakayoachia.

Kama unajijua una mguu mpana, tafuta kampuni zinazotoa upana zaidi ya mmoja. New Balance ni mojawapo. Kwa kiume D ni wa kawaida, 2E ni mpana, 4E ni mpana zaidi. Kwa kike wa kawaida ni B. Wengi wetu tuliokulia peku tuna miguu iliyojitandaza, na wengi wanaongeza namba ili wapate upana. Wanaishia na kiatu kirefu kinachopwaya kisigino.

Na kikipwaya?

Nusu namba inarekebishika: soli ya ziada ndani, au kipande cha sponji nyuma ya kisigino, au kamba zilizofungwa hadi tundu la mwisho la juu. Ikizidi hapo, badilisha. Mchuchumio unaopwaya usiuvae hata kwa harusi moja, maana kifundo cha mguu kinateguka kwa sekunde.

Nilipe kabla au nikipokea?

Ukiwa mji mmoja na muuzaji, lipa ukipokea na ukishajaribu. Tatizo ni kwamba dereva wa boda ana haraka, na wengi wanalipa getini boksi likiwa bado limefungwa. Kubaliana kabla hajatoka kwamba atasubiri dakika kumi. Wapo wauzaji wanaotuma namba mbili, mfano 40 na 41, mteja achague moja na nyingine irudi na boda huyo huyo. Ukiongezea elfu moja au mbili kwa usumbufu, umeokoa safari nzima. Naipenda njia hii kuliko zote.

Kabla ya kutuma fedha, tuma meseji ya namna hii na usubiri jibu lililoandikwa, lisiwe la kupiga simu:

"Habari dada, naomba hii raba nyeusi. Mguu wangu ni sentimita 25.8, mpana kidogo. Naomba unipimie soli ya ndani ya 41 na 42 kwa rula, unitumie picha. Isiponitosha utanibadilishia? Ndani ya siku ngapi, na usafiri unalipwa na nani?"

Muuzaji aliye makini atajibu yote. Anayejibu "usijali boss, itakutosha tu" bila kupima hajakujibu.

Niko mkoani, mzigo unakuja kwa basi. Nifanyeje?

Hapa kulipa kwanza ni karibu lazima, na kubadilisha ni nauli mbili: kiatu kirudi, kingine kije. Weka kipimo chako kwenye meseji ili kiwe ushahidi, omba picha ya lebo kabla mzigo haujafungwa, na uurekodi kwa video unapoufungua. Kwa Tanzania wengi wako katika hali hii, hasa tangu Jumia ifunge shughuli zake nchini mwaka 2019. Biashara kubwa ya viatu mtandaoni imebaki mikononi mwa watu binafsi wenye kurasa zao.

Ndugu yangu yuko Uingereza, ananinunulia huko. Kisiponitosha?

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kughairi tangu mzigo umfikie, bila kutoa sababu. Shida ni kwamba zinahesabiwa tangu kiatu kifike mlangoni kwake London au Hamburg, wala si tangu kikufikie Tanga. Kikikaa kabatini mwezi mzima kikisubiri mtu wa kusafiri nacho, siku zimekwisha. Mtumie vipimo vyako, yeye apime soli ya ndani siku kiatu kinapofika, akirudishe hapo hapo kama hakilingani. Marekani haina sheria ya taifa zima ya namna hiyo; kila duka lina masharti yake, na mengine ni marefu na mazuri.

Viatu vya shule: ninunue kikubwa ili mtoto akue nacho?

Nafasi ya sentimita 1 hadi 1.2 mbele ya kidole inatosha. Namba mbili zaidi zinamfanya mtoto akunje vidole ili kiatu kisimtoke, na anajikwaa. Pima mguu wiki ya kuagiza, usitumie kipimo cha likizo iliyopita. Na agiza kabla ya Januari kuingia: wiki ya kufungua shule namba za katikati zimekwisha, na utauziwa kilichopo.

Mtumba wa mtandaoni je?

Mtumba una pea moja. Hakuna namba nyingine ya kubadilishia, kwa hiyo jadili kurudishiwa fedha. Kiatu kilichovaliwa kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine: cha ngozi kinaweza kuwa kimepanuka, na kilichofuliwa na kuanikwa kinaweza kuwa kimesinyaa. Lebo haina maana tena. Rula tu.

Muuzaji hajibu, au amenifungia kabisa.

Hifadhi meseji ya muamala, mazungumzo na picha za tangazo kabla hajafuta. Kampuni ya simu husaidia pale fedha ilipokwenda namba isiyokusudiwa. Muamala uliomfikia muuzaji uliyemkusudia ni mgogoro wa biashara. Ukilipa kwa kadi, iulize benki yako mapema kuhusu kupinga malipo. Malalamiko ya mlaji Tanzania bara yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Kenya kuna Mamlaka ya Ushindani, na Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Ikiwa ni utapeli wa wazi, mtu aliyepokea fedha na hakutuma kitu chochote, nenda polisi.

Nina kisukari. Naweza kununua viatu mtandaoni?

Tafadhali usinunue kiatu ambacho huwezi kukijaribu na kukirudisha. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, na kiatu kinachobana kikatoboa ngozi bila wewe kusikia maumivu. Kidonda cha hivyo kinapona kwa shida, na wapo waliopoteza mguu kwa kuanzia na lengelenge. Jaribu dukani jioni, ingiza mkono ndani kutafuta mishono iliyotokeza, vaa muda mfupi siku za mwanzo, na kagua nyayo kila usiku. Kliniki yako itakueleza aina ya kiatu inayokufaa.

Mimi ni muuzaji. Wateja wanarudisha sana. Nifanye nini?

Pima kila pea siku mzigo unapofunguliwa, uandike sentimita za soli ya ndani chini ya picha, kwa kila namba uliyonayo. Taja kama pua ni nyembamba. Taja kama ni ngozi au reksini. Weka masharti ya kubadilisha palepale kwenye tangazo: siku ngapi, kiatu kiwe katika hali gani, usafiri wa nani. Mteja akikutajia namba, mrudishie swali: mguu wako sentimita ngapi? Atakayesema hajui, mtumie maelezo ya karatasi na ukuta, na umsubiri apime jioni kabla hujamwita boda.